Serikali isiyo na dini ndiyo itakayolinda dini yangu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Nyali ambaye barua yake mliichapisha hivi karibuni. Alisema kwamba Mwalimu Julius Nyerere, aliposhikilia kuwa serikali haina dini, aliwafungulia njia watu wasiomcha Mungu waje watutawale, na kwamba sisi Wakenya, uchaguzi wa 2027 unapokaribia, tuachane na fikra hizo na tuchague "watu wa dini" kwanza, sifa nyingine zifuate. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Mombasa. Nimesomesha shule za msingi za serikali mjini humu tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na jioni bado nafundisha watoto chuo cha Kurani hapa Majengo. Dini kwangu si mambo ya Ijumaa pekee. Na kwa sababu hiyo hasa ndiyo naona Nyerere alisema kweli, na ndugu yetu wa Nyali amemsoma vibaya.

Kwanza, Nyerere hakuwa mtu asiye na dini. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu, akabatizwa Mkatoliki akiwa kijana, akafundisha shule ya Wakatoliki kule Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ashughulike na siasa. Mpaka uzeeni alikuwa mtu wa misa, na Kanisa lake limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa alitaka nchi isimjue Mungu.

Tena tukumbuke ni nani waliomshika mkono. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipoanzishwa Julai 7, 1954, waliokibeba chama Dar es Salaam walikuwa wengi wao Waislamu: kina Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Ameir, na Bibi Titi Mohamed aliyewatoa kina mama majumbani wakajaa mikutanoni. Watu hao walimkubali mwalimu Mkatoliki kutoka Musoma awe mbele yao. Kilipotokea chama cha AMNUT kikidai uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha, Waislamu wenyewe waliokuwa ndani ya TANU wakakipinga. Naomba ndugu yangu alitafakari hilo. Msimamo wa kutenganisha dini na serikali haukuletwa na Mkristo akawashushia Waislamu. Waliushika pamoja, kwa sababu bila huo wasingeweza kukaa kikao kimoja.

Mpaka leo Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema nchi hiyo haina dini. Ibara ya 19 inasema kueneza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Tangu sensa ya mwaka 1967 wenzetu hawaulizwi dini wanapohesabiwa. Sisi huku huulizwa, na kila matokeo yakitangazwa watu huanza kupigana kwa asilimia.

Wala Nyerere hakutaka viongozi wa dini wanyamaze. Oktoba 1970 alikwenda New York akazungumza na masista wa Maryknoll. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowafanya maskini, halitakuwa na maana kwa watu. Hayo ni maneno ya rais aliye madarakani, akiwahimiza watu wa dini wasikubali dhuluma. Alichokataa yeye ni dini kuwa ngazi ya kupandia madarakani, na ni serikali kugawa haki kwa kuangalia mtu anasali wapi. Sheikh anayekemea wizi wa mali ya umma juu ya mimbari hajavunja chochote. Sheikh anayesema "mpigie fulani kura kwa kuwa ni wetu" amevunja.

Mwaka 1995, alipoona nchi yake imeanza kunong'ona kuhusu dini na kabila za wagombea, alitoka hadharani kukemea. Maneno yake kwamba ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, ukishaonja huachi, watu wa Mombasa wengi wanayajua; tumeyasikia kwenye redio na sasa kwenye simu za vijana. Nasikitika kwamba tunayapenda kwa utamu wa sauti, kisha tunakwenda kwenye kampeni kuuliza mgombea anasali wapi.

Sasa niseme kuhusu shule, maana hapo ndipo nilipoishi na ndipo ninapopaelewa.

Tanganyika ilipopata uhuru, shule nyingi zilikuwa za misheni. Mzazi Mwislamu alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: ampeleke mtoto huko akihofia atabadilishwa dini, au amweke nyumbani. Wengi waliwaweka nyumbani, na ndiyo sababu Waislamu wakabaki nyuma. Huku pwani yetu hadithi ni ile ile, marehemu bibi yangu alimkataza mama kwenda shule kwa hofu hiyo hiyo. Nyerere alifanya nini? Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali yake ilizitaifisha shule hizo. Vipindi vya dini viliachwa kwenye ratiba, watoto wakifundishwa dini zao, lakini mlango wa shule ukawa wa wote. Mkatoliki akazichukua shule za Kanisa lake mwenyewe akazifanya za watoto wa nchi nzima. Mtu akitaka kujua Nyerere aliamini nini kuhusu dini na serikali, asianzie kwenye hotuba, aanzie hapo.

Kenya tulikwenda njia nyingine. Serikali ilichukua uendeshaji lakini makanisa yakabaki kuwa wafadhili wa shule walizozianzisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 bado inamtambua mfadhili, ana nafasi kwenye bodi na ana kazi ya kulea roho za wanafunzi. Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba afanye hivyo akilinda imani za wengine. Sina ugomvi na hayo makanisa. Yalijenga madarasa wakati serikali ya mkoloni haikujali, na mimi mwenyewe nimefundisha kwenye madarasa yaliyojengwa kwa mawe ya misheni. Ugomvi wangu ni huu: mwalimu analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, yaani na kodi ya kila mtu. Vitabu vinanunuliwa na serikali. Mtihani ni wa serikali. Halafu kitambaa kilicho kichwani mwa mtoto kinaamuliwa na mfadhili.

Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, wasichana Waislamu walikuwa wakivua ushungi langoni kila asubuhi na kuutia mkobani. Saa ya kurudi nyumbani wanauvaa tena wakiwa wamesimama barabarani. Nilikuwa nikiwaona, wanageukia ukuta kama watu wanaofanya jambo la aibu. Mmoja wao, mtoto mwerevu wa hesabu, aliacha kuja alipoingia darasa la saba. Mama yake aliniambia, "Mwalimu, mtoto amekuwa, siwezi kumtoa kichwa wazi." Nilimsihi mama, nikazungumza na mwalimu mkuu, nikaambiwa mambo ya sare yako juu yetu. Yule msichana hakurudi. Leo ni mama wa watoto na anauza bajia na mihogo, na mimi nikipita kwake hunipa heshima zote za mwalimu wake, lakini hesabu zake zimeishia kwenye chenji.

Suala hili lilifika hadi Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka shule moja ya Isiolo. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewapa wasichana haki ya kuvaa hijabu mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa sababu ya namna dai lilivyowasilishwa mahakamani. Kwa hivyo mpaka sasa mambo yako mikononi mwa kila shule na bodi yake. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema Kenya haina dini ya taifa, na ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Nauliza: shule inayoendeshwa kwa kodi, ikimvua mtoto vazi la dini yake kwa amri ya dini nyingine, hiyo ibara ya 8 iko wapi?

Lakini barua hii nisingeiandika kama ningekuwa na malalamiko ya upande mmoja. Kuna shule nyingine niliyofundisha, kwenye mtaa ambao sisi Waislamu tu wengi. Mwezi wa Ramadhani mwalimu mkuu, Mwislamu mwenzangu, aliamuru jiko lifungwe. Hakuna uji, hakuna chakula cha mchana, kwa heshima ya mwezi. Watoto wa chekechea, ambao hata wa Kiislamu hawajapaswa kufunga, wakawa wanakaa na njaa. Na kulikuwa na watoto wa watu wa bara, wa mama mboga na wa walinzi wa magodauni, ambao uji wa shule ndio uliokuwa chakula chao cha kwanza cha siku. Nikamwendea nikamwambia: swaumu ni yangu na yako, haimhusu mtoto wa Kamau. Akanijibu kwamba huu ni mji wa Waislamu. Nikamwambia mji ni wa Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na shule ni ya serikali. Tulibishana mbele ya walimu wengine na maneno yakawa makali. Jiko lilifunguliwa wiki ya pili, baada ya wazazi kwenda ofisi ya elimu.

Yule mtoto wa ushungi na yule mtoto wa uji kwangu ni kesi moja. Anayedai serikali iwe na dini afikirie kwanza atakuwa upande gani atakapohamia mji mwingine. Mwislamu wa Mombasa akivuka Mariakani kwenda bara tayari ni wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilitukuta Waislamu kama asilimia 11 ya Wakenya wote. Nchi ikiamua leo kwamba serikali iwe na dini, ndugu yangu wa Nyali anadhani itakuwa dini gani? Yake haitakuwa.

Kuna mahali ambapo simfuati Nyerere. Tanganyika iliziondoa mahakama za makadhi katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Zanzibar ikabaki na zake. Sisi Kenya tulizibakisha. Mwaka 1895 Waingereza waliafikiana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda huu wa maili kumi wa pwani, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus. Oktoba 5, 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua. Kenyatta akaahidi kwamba kadhi atabaki na kazi yake, watoto wa Kiislamu wataendelea kufundishwa Kiarabu, na maofisa wa utawala katika sehemu za Waislamu wengi watakuwa Waislamu kadiri itakavyowezekana. Ahadi ya kadhi imo katika Katiba, ibara ya 170. Hizo nyingine sijui nani anayezikumbuka siku hizi zaidi ya wazee wa Kibokoni.

Wakati wa kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, makanisa mengi yalipinga Katiba mpya, na kadhi alikuwa mojawapo ya sababu. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba kuweka makadhi ndani ya Katiba kunakwenda kinyume na nchi isiyo na dini. Wakenya wakapiga kura, asilimia 67 hivi wakasema ndiyo. Nilifurahi, lakini hoja ya waliopinga inastahili kujibiwa kwa adabu, si kwa kelele. Jibu langu ni hili. Kadhi hamhukumu mtu yeyote kwa wizi wala kwa kuacha sala. Anashughulikia ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu, na wote wanaohusika lazima wakubali kwenda kwake. Asiyetaka anakwenda mahakama ya kawaida. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Mirathi ya marehemu mume wangu iligawanywa na kadhi hapa Mombasa, kila mtu akiwa ameridhia. Hakuna Mkristo aliyepungukiwa kwa hilo. Serikali kumsaidia mtu atekeleze sheria ya dini yake katika mambo ya nyumbani mwake, kwa hiari yake, ni tofauti kabisa na kumlazimisha mwingine. Nadhani hapo Kenya tulifanya vizuri kuliko majirani zetu.

Na kuna jambo la pili ambalo haki inanitaka nilitaje. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1945 hapa hapa Mombasa ilianzishwa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, chini ya Aga Khan Sultan Muhammad Shah. Ilijenga misikiti na shule kila upande wa Afrika Mashariki. Marehemu baba yangu hakuwa Ismailia, lakini alikuwa akiitaja jumuiya hiyo kwa heshima, maana ilimjengea darasa kijijini kwake. Makao yake makuu yalihamia Dar es Salaam mwaka 1961. Desemba 1968 serikali ya Nyerere ikaipiga marufuku, na mwezi huo huo ikazaliwa BAKWATA, baraza la Waislamu ambalo serikali ililiunga mkono. Ni kweli ndani ya EAMWS kulikuwa na mgawanyiko. Lakini serikali inayosema haina dini inapata wapi mamlaka ya kuamua Waislamu waungane chini ya nani? Hapo Mwalimu aliivunja kanuni yake mwenyewe, na majeraha yake bado yanazungumzwa Tanzania. Ikawa hivyo hivyo mwaka 1992, yeye akiwa amekwishaondoka madarakani, serikali ilipotia saini mkataba na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya. Waislamu wengi kule bado wanauliza kwa nini.

Simtaji Nyerere kwa kosa hilo ili kumshusha. Namtaja kwa sababu kanuni yake ina pande mbili, na upande wa pili ndio unaotuumiza sisi. Tunajua sana kuambiana dini isiiingilie serikali. Serikali kuingilia dini tunaiona kama neema.

Hapa Mombasa tunayo kumbukumbu yake. Mwaka 1992 serikali ilikataa kukiandikisha chama cha Islamic Party of Kenya, na mji ukachafuka. Nilikuwa mwalimu kijana. Kuna siku tuliwaweka watoto darasani mpaka jioni kwa sababu ya moshi wa matairi na mabomu ya machozi. Sasa Katiba, ibara ya 91, inakataza chama chochote kuundwa kwa msingi wa dini, na mimi naikubali sheria hiyo kwa moyo mmoja. Lakini vijana wale hawakutoka hewani. Walikuwa wakienda kuomba vitambulisho wakiulizwa karatasi za babu zao, wakati wenzao wenye majina mengine hawaulizwi. Serikali isiyo na dini maana yake ya kwanza, kabla ya hotuba yoyote, ni karani asiyebadilisha uso anaposoma jina la Mohamed kwenye fomu. Kama hilo lingetimizwa, chama cha dini kingepata wapi wafuasi?

Wala mtu asinielewe kwamba serikali ifumbe macho kila penye jina la Mungu. Kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Kuua ni kuua, liwe ni kanisa au ni msikiti, na serikali ilichelewa. Lakini kushtaki wauaji ni kazi moja, na kuamua nani afasiri Biblia au Kurani ni kazi nyingine ambayo serikali haina elimu nayo.

Nije kwa haya ya sasa. Julai 2025 Rais William Ruto alikiri kwamba anajenga kanisa ndani ya Ikulu, akasema ni kwa pesa zake na hamwombi mtu radhi. Mimi simhukumu imani yake. Nasema pesa si hoja. Ikulu si shamba lake, ni ya Mkristo, ya Mwislamu, ya Mhindu wa Mombasa na ya mzee wa kaya kule Rabai. Angejenga msikiti ningeandika barua hii hii kwa wino huu huu. Nyerere alikuwa na imani isiyopungua ya rais wetu, na alikwenda kusali kanisani pamoja na waumini wengine.

Makanisa yenyewe yameanza kujitetea. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwakataza wanasiasa kuhutubia makanisani mwake. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilikataa michango ambayo rais alitoa kanisani. Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi kama Mwislamu, kisha nikahuzunika kama Mwislamu. Kwetu sisi bado mheshimiwa anafika msikitini kaandamana na kamera. Safu ya mbele inafunguliwa, na baada ya sala anapewa kipaza sauti. Bahasha inatolewa, kiwango kinatangazwa, watu wanapiga takbira. Takbira, Mhariri, kwa pesa ambazo huenda ni zetu wenyewe! Nimeona hayo kwenye maulidi, nimeona kwenye viwanja vya sala ya Idd, nimeona hata kwenye matanga maiti akiwa bado hajazikwa.

Watu wa kamati huniambia, "Mwalimu, paa linavuja, tufanyeje?" Nalielewa paa. Lakini misikiti ya Mji wa Kale ilijengwa na kutunzwa kwa wakfu, kwa nyumba na maduka ambayo wazee wetu walitoa ili kodi yake iende msikitini. Kuna Tume ya Wakfu yenye ofisi zake mjini humu. Wakfu hizo zikisimamiwa vizuri na hesabu zake zikabandikwa ukutani waumini wakaziona, hatutahitaji bahasha ya mtu. Imamu anayelipwa mshahara na waumini wake anaweza kumkemea gavana. Anayesubiri bahasha atamkemea nani?

Kwa hivyo nina maombi matatu, na ninayapeleka kwa wenyewe.

Kwa kamati za misikiti ya Mombasa: kuanzia sasa mpaka uchaguzi upite, mwanasiasa aje asali, akae atakapopata nafasi, asipewe kipaza sauti. Akitaka kuchangia atie kwenye sanduku kama sisi.

Kwa wabunge wetu wa Mombasa, wa dini zote: fungueni upya kifungu cha wafadhili katika Sheria ya Elimu ya Msingi. Mfadhili abaki na heshima yake na kasisi wake, lakini mavazi ya dini na chakula cha watoto katika shule inayoendeshwa kwa kodi viwekewe kanuni moja nchi nzima, isiyotegemea nani aliijenga shule wala nani ni wengi mtaani.

Kwako wewe Mhariri: waandishi wako watakapowahoji wagombea wa ugavana na ubunge hapa pwani, tafadhali wasiwaulize wanasali wapi. Wawaulize hilo la ushungi na hilo la uji, na wachapishe majibu pamoja na majina.

Nakala ya barua hii nimempa katibu wa kamati ya msikiti wetu. Ameniahidi itasomwa kwenye kikao cha Jumamosi baada ya Alasiri, na kina mama wameruhusiwa kuhudhuria.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa